JAMBIA NI PAMBO, LAKINI NI NANI ALIYELILIPIA?

Wako wenzangu chamani wanaoshikilia kuwa silaha ya heshima haina madhara, ati ni pambo tu la kiunoni. Mimi nasema la! Nitaeleza kwa nini, nawe uamue mwenyewe.

Hapa Ntimaru hatuhitaji mgeni wa kutufunza kwamba silaha huweza kuvaliwa kama nguo ya sikukuu. Msimu wa tohara ukifika, vijana wanaowasindikiza wenzao hupita barabarani na mikuki, pinde na marungu huku wakiimba. Mataifa makubwa nayo hufanya yayo hayo, ila kwa dhahabu. Kule Urusi, maafisa wa jeshi walitunukiwa panga za dhahabu kwa ushujaa, na tangu mwaka 1807 waliozipata walihesabiwa pamoja na wenye nishani za dola. Wanamaji wao hadi leo huvaa kisu kifupi cha heshima kwenye gwaride.

Lakini silaha ya heshima iliyo karibu nasi zaidi ni jambia. Ilifika pwani yetu na Waarabu wa Omani na Yemeni. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala toka 1806 hadi 1856 na kuhamishia makao yake Unguja, alilivaa, na waliomrithi wakalivaa vilevile. Usultani wa Zanzibar uliangushwa Januari 1964, lakini jambia halikuanguka nao. Bwana arusi wa Lamu au Unguja bado huonekana na joho, kilemba, na jambia limechomekwa mbele kwenye mkanda. Omani ndiyo usiseme: wameliweka kwenye bendera yao tangu 1970, na mwaka 2022 UNESCO ikaitia kazi ya kulitengeneza katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ukiitazama ala yake ilivyofumwa kwa nyuzi za fedha, utakubali kuwa sonara aliifanyia kazi kweli kweli.

Basi ubaya uko wapi? Uko kwenye mpini, ndugu yangu.

Kwa miaka mingi mpini uliothaminiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. Pembe hiyo haichakai upesi. Kadiri inavyoshikwa mkono kwa mkono, baba hadi mwana, ndivyo inavyong'aa na kupitisha mwanga kama kaharabu. Zamani ni matajiri na watu wa nasaba tu walioimudu. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, na vijana wa Yemeni Kaskazini wakamiminika Saudia kutafuta kazi. Waliporudi na pesa mfukoni, kila mmoja alitaka jambia la kibwanyenye. Katika miaka hiyo ya 1970 pekee, zaidi ya tani 20 za pembe ziliingia nchini mwao. Sasa piga hesabu nami. Kifaru mweusi mmoja hutoa pembe za kilo tatu hivi. Hao ni vifaru zaidi ya 6,000, wameuawa ili wanaume wapendeze kiunoni!

Na walitoka wapi hao vifaru kama si kwetu? Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia 1990 hawakufika 400. Si Yemeni peke yake iliyowamaliza, maana wanunuzi wa Mashariki ya Mbali nao walikuwamo sokoni wakitafuta dawa. Ila chukua Maasai Mara, majirani zetu wa hapa Kuria Mashariki: mwanzoni mwa miaka ya 1970 vifaru walizidi 100, na kufikia 1984 walikuwa wamebaki chini ya 20. Jangili aliyehatarisha roho yake porini aliambulia vijisenti tu, donge nono likaenda kwa wachuuzi.

Mbishi ataniuliza, "Je, unataka watu waache mila yao?" Hata kidogo. Yemeni wenyewe walipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, na mapema miaka ya 1990 mufti wao mkuu akatoa fatwa dhidi ya kuwaua vifaru. Mafundi wakageukia pembe za nyati-maji na vitu vinginevyo, na jambia likabaki jambia. Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi, alikwenda Sanaa mara kwa mara akizungumza na mafundi hao na kuwahesabia pembe zao. Aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Februari 2018. Kwangu mimi, huyo alistahili nishani kuliko maafisa wengi wenye panga za dhahabu.

Kwa hiyo kinachonikera si jambia, ni ule ushindani wa kuona mpini wa nani ni ghali zaidi. Heshima ya namna hiyo bili yake hulipwa na mtu mwingine, na safari hii ilitujia sisi. Leo vifaru weusi wa Kenya wamezidi 1,000, na hata Ruma, kule bonde la Lambwe, walirejeshwa kufikia 2012. Lakini wanalindwa na askari wenye bunduki usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe, na mishahara ya askari hao tunailipa sisi na wazazi wetu.

Anayetaka kunipinga na aje kwenye mkutano wa chama. Aje na takwimu, asije na matusi.