Waranti imekwisha, haki bado

Injekta moja ya gari langu la dizeli ilipokufa, fundi wangu hapa Bamburi aliniambia zilizobaki nazo ziko njiani. Nikarudi yadi nilikonunua, na hata miezi mitatu haijatimu. Tajiri akanionyesha risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mkopo wa sako ningali nalipa.

Waranti ya kiwandani tusiitafute. Serikali huruhusu gari kuukuu lisilozidi miaka 8, na mengi hushuka Kilindini yakiwa karibu na umri huo. Waranti ilikwisha yangali Japani. Tena dizeli za kisasa hazitaki mchezo. Injekta hupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa kupitia vitundu vyembamba mno, na maji kidogo tu kwenye tangi huziua. Chujio la masizi nalo huzibwa na safari zetu fupi za foleni.

Lakini ile risiti isikutishe. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5, humhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa kadiri wa bidhaa, na sharti la kuifuta dhamana hiyo ni batili. Kadiri, nasema, uchakavu wa kawaida wa gari kuukuu ni mzigo wako. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai hadi shilingi milioni 1, bila kulazimu wakili, na sheria yataka hukumu ndani ya siku 60.

Ripoti ya fundi yenye tarehe ninayo. Injekta mbovu pia, ingawa yeye alitaka kuitupa.