Akili bandia katika vyuo vya Likasi: mwalimu aseme sheria siku ya kwanza, siyo siku ya alama

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, telefoni inaweza kutunga kazi ya kurasa kumi kabla mwanafunzi wa Kikula hajamaliza kikombe chake cha chai. Kifaransa ni safi, utangulizi upo, hitimisho lipo. Mwalimu anasoma, anashuku, anaweka sifuri. Mwanafunzi anauliza: ni sheria gani nimevunja? Ikiwa sheria haikusemwa popote, swali hilo ni la haki.

Jambo hili linawahusu walimu wote wa masomo ya juu mjini Likasi, maprofesa na maasistanti, wa UNILI na wa vyuo vingine. Mfumo wa LMD, ambao Kongo iliueneza katika masomo ya juu tangu mwaka wa 2021-2022, unahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anaifanya peke yake, inje ya darasa. Ni hapo hapo mashine inapoingia.

Wengine wanasema: ikatazwe kabisa. Lakini nani atalinda telefoni ya kila mwanafunzi, usiku, kule Panda ao Shituru? Katazo lisiloweza kuchungwa linamuazibu mwenye kusema ukweli tu.

Wengine wanategemea programu za kutambua maandishi ya mashine. Hizo nazo zinadanganya. Kampuni ya OpenAI, yenye ilitengeneza ChatGPT, ilifunga programu yake ya kutambua mwezi wa Julai 2023 kwa sababu haikuwa ya kuaminika. Mwaka huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima programu saba za aina hiyo. Zaidi ya nusu ya insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani zilisemekana ni za mashine, na hazikuwa. Likasi, mwanafunzi anaongea Kiswahili nyumbani na kuandika Kifaransa chuoni. Kumpotezesha mwaka kwa sababu ya programu ya namna hiyo ni kumuonea, na mzazi ndiye atalipa tena masomo.

Njia iliyo bora ni nyepesi. Siku ya kwanza ya kozi, mwalimu aandike ndani ya silabusi mambo matatu: kazi ambayo akili bandia inakatazwa, kazi ambayo inaruhusiwa kwa sharti la kusema ilitumika wapi na namna gani, na kazi ambayo iko huru. Anayejifunza kupiga hesabu ya asidi inayohitajiwa katika kiwanda cha shaba, aipige mwenyewe: siku moja atakuwa mbele ya tangi, siyo mbele ya telefoni. Lakini anayetaka kueleweshwa ukurasa mgumu wa Kifaransa kwa maneno mepesi, kwa nini azuiwe?

Kisha, kazi ya nyumbani ifuatwe na maswali ya mdomo. Dakika tano zinatosha kuonyesha nani anaelewa alichokitia sahihi. Katika promosio kubwa, mwalimu achague wachache kwa kura, bila kutangaza mbele ni nani. Vilevile atoe kazi zinazomtuma mwanafunzi mjini: kuhesabu bei sokoni, kumuuliza mzee aliyetumika Gécamines. Ao achukue jibu la mashine juu ya historia ya Jadotville, jina la zamani la Likasi, na kuwaomba wanafunzi watafute makosa yake. Mashine inajulikana kwa kubuni vitabu na waandishi ambao hawakuwepo kamwe; mwanafunzi anayejifunza kuikamata katika uongo amejifunza kitu.

Sheria ifunge pande mbili. Mwalimu anayetungisha silabusi kwa mashine na kuiuza kwa wanafunzi, aseme hivyo, na ahakikishe kila ukurasa. Asiingize majina na alama za wanafunzi katika programu hizo: Kodi ya dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi.

UNESCO ilitoa mwongozo wake juu ya akili bandia katika elimu mwezi wa Septemba 2023. Hakuna haja ya kungojea Kinshasa iutafsirie Likasi. Kila fakulte inaweza kukutanisha walimu wake asubuhi moja na kukubaliana juu ya ukurasa mmoja, ili mwanafunzi asikute kozi moja inaruhusu na ya pili inafukuza kwa kitendo kile kile.

Diplome ya Likasi itapimwa kiwandani, hospitalini na mbele ya tribinali. Huko hakuna atakayeuliza kama Kifaransa cha kazi kilikuwa kizuri. Wataangalia kama mtu anajua kazi yake.