IJUE HAKI YAKO: Kodi ya Chumba Ikichelewa

Wako wazazi wa vijijini Nachingwea na Ruangwa wanaowapangia watoto vyumba karibu na shule. Kodi hutoka kwenye korosho. Lakini ukipeleka korosho chama cha msingi, hupati fedha siku hiyo. Unasubiri mnada. Siku ya kodi haisubiri mnada.

Tuchukue mfano. Chumba ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Unalipa kila miezi 3, yaani shilingi 60,000. Umechelewa siku 12. Mwenye nyumba anasema, "Faini ni shilingi 5,000 kila siku." Piga hesabu. 5,000 mara 12 ni 60,000. Faini imelingana na kodi ya miezi 3! Hapo wengine hukimbilia kuuza korosho kwa kangomba, kwa bei ya hasara.

Usifanye hivyo. Kwanza chukua mkataba uusome. Je, faini hiyo imeandikwa? Kama haikuandikwa, wala hamkupatana, mwenye nyumba hawezi kuizusha leo. Kama imeandikwa, bado si mwisho wa maneno. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 74, inasema kuwa aliyevunja mkataba atalipa fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Kwa hiyo faini kubwa mno inaweza kupunguzwa.

Je, anaweza kuvunja mkataba na kukutoa papo hapo? Hapana. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka akupe kwanza ilani ya maandishi. Kugombeza mlangoni si ilani.

Mkishindwa kupatana, nendeni Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi yake katika mambo haya ni kusuluhisha. Mkishindwa hapo, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba.

Lakini kumbuka, kodi ni deni. Mwenye nyumba naye ana watoto wa kulisha. Usimkimbie. Mwambie mapema, na mwandikiane siku utakayolipa.

Mwisho, ukipeleka korosho ghalani hupewa stakabadhi. Hukubali kuondoka bila hiyo. Basi na kodi ni vivyo hivyo. Ukilipa, dai stakabadhi yenye tarehe, kiasi na saini. Na kabla ya kutia saini mkataba wowote, usome wote. Zamani ulitia dole gumba tu. Sasa unajua kusoma.