Injini ya Lori Letu: Ifanywe Upya au Iachwe?



Lori letu la dizeli limetuzimikia tena njiani, na karafuu mbichi zi juu yake. Karafuu mbichi zikikaa zimelundikana huchacha, na bei yake hushuka. Hasara ni yetu sote.

Wengine wasema injini ifumuliwe yote. Sisi twaona fundi kwanza atazame chujio, pampu na nozeli, kwani uchafu au hewa katika dizeli huizima hata injini iliyo nzima. Akisha, apime mgandamizo wa silinda. Ukiwa mdogo, lakini bloki na krenki ni nzima, injini ifanywe upya kabla ya mavuno. Bloki ikiwa imepasuka, lori liuzwe. Fedha ya chama si ya kubahatishia.