Kijana wa programu, mwezi si siku 30!

Tuseme umeandika programu ya kulipa vibarua mwisho wa mwezi. Umeiagiza ifanye kazi kila tarehe 31. Januari pesa zimeingia sawa, kila mtu anakusifu. Februari, kimya. Mashine haijalalamika, maana kwake hakuna kosa: Februari haina tarehe 31, kwa hivyo hakukuwa na kazi ya kufanya. Cron, kipanga ratiba cha seva nyingi, ndivyo kilivyo. Na miezi yenye tarehe 31 ni 7 tu kwa mwaka.

Sasa usikimbilie kuongeza siku 30. Kutoka Januari 31, mwaka wa kawaida, utaangukia Machi 2. Februari umeiruka tena!

Amri za kuhesabu tarehe zipo, zitumie. Katika PostgreSQL, Januari 31 ukiongeza mwezi mmoja unapata Februari 28, au 29 mwaka mrefu. Lakini ukiendelea kuhesabu kutoka hapo, Machi utalipa tarehe 28, Aprili 28, na mwisho wa mwezi hutaurudia. Njia salama ni hii: tafuta tarehe 1 ya mwezi unaofuata, kisha toa siku moja.

Usidhani haya ni makosa ya wanagenzi pekee. Februari 29, 2012, huduma ya Azure ya Microsoft ilikwama kwa sababu programu iliongeza mwaka mmoja kwenye tarehe ya siku hiyo, ikapata Februari 29, 2013. Siku hiyo haikuwahi kuwepo.

Kisha kuna saa. Seva nyingi hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku, wewe uko leo, seva ingali jana. Kazi ya tarehe 1 inaweza kuandikwa kwenye mwezi uliopita, na hesabu za ofisi zikavurugika.

Kwa hivyo, kabla ya kuachilia programu yako, ijaribu kwa Januari 31, Februari 29 na Desemba 31. Ni kazi ya dakika chache tu. Ukipuuza, atakayeumia si wewe wala seva. Ni yule kibarua anayegongewa mlango na mwenye nyumba tarehe 5, na huyo hataki kusikia habari za kalenda.