Bolti Imeingia, Kwa Hivyo?

Haya, leo tuache kompyuta kidogo. Kuna jambo la pikipiki limenikaa rohoni, na nikimaliza mtaona haliko mbali na kazi yetu ya kuandika programu.

Kila mtu anayejiundia pikipiki huambiwa na wenzake: toa ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, tafuta mnene wa pikipiki nyingine, piga bolti, umemaliza. "Inaingia moja kwa moja!" Nilisikia, nikaamini. Nikanunua mkono wa pikipiki ya porini, ule wa shoki moja, nikautia kwenye fremu ya 150 ya kubebea abiria, ambayo ni ya shoki mbili. Bolti ikaingia. Nikafurahi kama mtoto.

Jamani, bolti kuingia ni sawa na programu kukubali kukompaili. Maana yake hujakosea herufi, basi. Haisemi lolote kuhusu kitakachotokea mtu akianza kuitumia.

Tupige hesabu. Tuseme gurudumu la nyuma limekaliwa na kilo 150, wewe na abiria mmoja. Kwenye mkono wa zamani shoki zimefungwa karibu na ekseli, moja kila upande, kwa hivyo kila moja hubeba kama kilo 75 au zaidi kidogo. Mkono wa shoki moja hufanya kazi kama wenzo: gurudumu likipanda sentimita 10, shoki hujibana kama sentimita 4 tu. Nguvu nayo huongezeka kwa kipimo hicho hicho. Kilo 150 zinakuwa 375, zote zikisukuma mahali pamoja kwenye fremu, na hapo umesimama tu, hujaingia shimo hata moja! Sasa niambie, kile kipande cha chuma ulichochomelea kwenye bomba jembamba, mahali ambapo waliolitengeneza hawakukusudia libebe kitu, kitashika mpaka lini?

Changu kilianza kupasuka wiki ya tatu. Niliuona ufa nikiosha pikipiki, kwa bahati tu. Siku iliyotangulia nilikuwa nimempakia dada yangu kutoka Ruiru.

Halafu kuna cheni. Gurudumu linatakiwa likae katikati ya fremu, na sprokiti ya nyuma iwe mstari mmoja na ya mbele. Mkono wa kigeni ukiharibu hayo, dawa inayopendwa ni washa: sukuma gurudumu kando mpaka cheni inyooke. Cheni imenyooka, lakini sasa gurudumu la nyuma halifuati la mbele. Kinachofaa kusogezwa ni sprokiti. Na ulegevu wa cheni pimeni pale ekseli, bolti ya mkono na sprokiti ya mbele zinapokuwa kwenye mstari mmoja, kwa sababu hapo ndipo cheni hukaza zaidi. Ukiipima pikipiki ikiwa juu ya stendi, usishangae ikikatika kwenye tuta.

Wapenzi wa mkono wa upande mmoja nao sijawasahau. Honda waliuweka kwenye VFR750R ya mwaka 1987 kwa sababu kwenye mashindano ya masaa mengi gurudumu lazima libadilishwe upesi. Wewe hubadilisha gurudumu mara ngapi kwa mwaka?

Wengine watasema haya ni makosa ya jua kali. Sikubali hata kidogo. Fundi aliyenikerezea bushi kule Kariobangi Light Industries aliniuliza kipenyo, akaniuliza upana, akaniuliza ekseli itakaa umbali gani. Nilimjibu, "Kadiria tu, fundi." Yaani mimi, ninayegombana na mteja kila wiki kwa kutoniandikia anachotaka, nilienda kwa mtu wa mashine bila hata karatasi! Alinikatia nilichomwambia, na kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu. Tukome kuwasingizia mafundi uvivu wetu wa kupima.

Nimerudisha mkono wa zamani na bushi mpya, na kile kipande nimekikata chote. Ule wa porini uko chini ya kitanda. Anayeutaka aje, lakini aje na kalipa.