SINKI LINANG'AA NDANI, JIRANI ANAKANYAGA MAJI YETU



Ndugu zangu Waislamu, kina baba na kina mama wa Kamenge, leo nataka tuzungumze juu ya sinki la jikoni, au lavabo kama wengi wetu tunavyoliita hapa Bujumbura. Najua wapo watakaosema, "Huyu kaishiwa maneno, mambo ya swala na zaka yamekwisha?" Hayajakwisha. Lakini pita njia zetu za ndani baada ya chakula cha mchana uone. Kwenye tundu la ukuta wa jikoni kunatoka bomba fupi, na kwenye bomba kunatoka maji ya kijivu yenye mafuta, chembe za wali na majani ya sombe. Yanakata njia, yanasimama mbele ya mlango wa jirani, yananuka. Siku ya Ijumaa utawaona watu wazima wenye kanzu nyeupe wanaruka vidimbwi kama watoto wanaocheza. Na ndani ya nyumba yenye bomba hilo kuna sinki jipya linalong'aa, wageni wanaonyeshwa, mashaallah!

Mimi nasema wazi: sinki lisilo na mahali pa kupeleka maji yake ni dhulma, hata kama limenunuliwa kwa pesa ya halali. Mtume (s.a.w.) alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi mojawapo la imani. Basi sisi tunaouweka huo udhia njiani kila siku mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, tujihesabu wapi? Na haki ya jirani mmeisikia kwenye hotuba tangu mko wadogo, sina haja ya kuirudia hapa.

Nimesikia majibu ya kila namna. La kwanza ni kwamba kila mtu anafanya hivyo. Hilo silijibu. La pili ni kwamba ni kazi ya serikali kuleta mifereji ya maji machafu. Kweli, ni kazi yake, na tuna haki ya kudai. Jiji lina mabwawa ya kusafishia maji machafu kule Buterere, lakini sehemu kubwa ya nyumba za Bujumbura hazijaunganishwa nayo. Sasa mpaka siku ya kuunganishwa, jirani yako afanye nini, avumilie? Ungekuwa wewe ndiye uko upande wa chini ungevumilia?

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: "Mvua itasafisha." Ndugu yangu, mvua haisafishi, mvua inahamisha. Ardhi yetu inateremka kutoka milimani kwenda ziwani, na kinachoondoka kwako kinafika kwa mwingine. Mafuta ya vyombo yanashikana na mchanga na mifuko ya plastiki ndani ya mtaro, mtaro unapungua kina, na siku ya mvua kubwa hauna nafasi tena. Tunakumbuka usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ilivyopiga mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama, Gatunguru, watu zaidi ya 60 wakafariki, Allah awarehemu. Sisemi maji ya vyombo ndiyo yaliyowaua, yale yalikuwa mafuriko makubwa ya kutoka milimani. Nasema mtu aliyeuona usiku ule hawezi kukaa na kuuziba mtaro kwa mkono wake mwenyewe halafu akasema mvua itasafisha.

Na maradhi je? Tarehe 1 Januari 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu hapa Bujumbura. Kipindupindu kinatoka kwenye kinyesi, lakini pale ambapo maji ya jikoni yanapita karibu na choo kilichojaa, na watoto wanachezea humo humo, nani atatenganisha haya na yale? Kuhusu mbu tuseme ukweli: yule wa malaria kwa kawaida anapenda maji yasiyo machafu sana. Lakini yule mwingine wa usiku, anayekulilia sikioni mpaka alfajiri, anazaa vizuri kabisa kwenye dimbwi la maji ya vyombo.

Basi mwenye kutaka sinki aanzie nje, na shimo. Achimbe shimo la kunyonya maji mbali na msingi wa nyumba, mbali na ukuta wa jirani, na kama kuna kisima basi mbali nacho zaidi. Chini yawekwe mawe makubwa, juu madogo, kisha lifunikwe vizuri mtoto asitumbukie. Kabla ya shimo kuwe na kisanduku kidogo cha saruji chenye mfuniko, ambamo maji yanatulia kidogo, mafuta yanaelea juu na mabaki yanazama chini. Bomba la kutokea liwe limezama chini ya mafuta hayo, la sivyo kisanduku ni pambo tu. Kila baada ya wiki chache mafuta yanatolewa na kuzikwa. Ukiacha kisanduku hicho, shimo lako litaziba kwa mafuta na baada ya muda utarudi kulekule kutoboa ukuta. Wala usiyapeleke maji ya sinki kwenye shimo la choo ili kuokoa gharama. Litajaa haraka, na ukilifungua utajua kwa nini nilikwambia.

"Shimo ni ghali." Sawa. Lakini bei ya sinki lenye mabakuli mawili na robine ya kuzunguka uliipata wapi? Nunua sinki la bei ndogo, pesa inayobaki ichimbe shimo. Kama hata hiyo haipo, karai na ndoo si aibu, na maji yake unayamwaga kwenye migomba yako. Wale wanaokaa kwenye parseli moja wapangaji wanne watano, washikane wachimbe shimo moja na kumwomba mwenye nyumba apunguze kodi ya mwezi kwa kiasi walichotoa. Na wewe mwenye nyumba unayepokea kodi kila mwezi na kuwaachia watu wamwage maji njiani, jua kwamba neno hili linakuhusu kuliko wote.

Sasa jambo la pili, na hapa kina baba wataninunia. Hivi ni kwa nini sinki linachaguliwa na mtu asiyeosha vyombo? Baba anakwenda Buyenzi peke yake, anarudi na kitu alichokiona kinang'aa, fundi anakifunga kwa urefu wa fundi, na mama anainama juu yake miaka ishirini mgongo ukimuuma. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika anatoka. Sisi tumeshika lile la kutoka tu!

Mpeleke mama dukani, au angalau mpime. Juu ya meza ya sinki mafundi wengi wanaweka sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Lakini mwanamke mfupi na mwanamke mrefu hawawezi kupewa kipimo kimoja. Asimame wima na viatu vyake vya nyumbani, akunje kiwiko. Meza iwe chini ya kiwiko kwa kiasi cha sentimita kumi hadi kumi na tano. Akumbuke pia kwamba mikono inafanya kazi chini ndani ya bakuli, kwa hiyo bakuli likiwa na kina kikubwa meza ipande kidogo. Kisha pima sufuria yenu kubwa kuliko zote, ile ya pilau ya Idi. Mimi siyapendi haya masinki ya mabakuli mawili membamba kwa nyumba zetu. Sufuria haiingii hata kwenye moja, mama anaishia kuiosha uani chini, na hayo mabakuli mawili yanabaki ya kuoshea vikombe. Bakuli moja pana lenye kina cha sentimita 20 hivi linafaa zaidi.

Bati ligonge kwa kidole na lishike ubeba uzito wake. Lile jepesi linalolia kama debe litabonyea. Muuzaji atakuletea sumaku, akuonyeshe haishiki, aseme ni chuma kisichoshika kutu cha daraja la juu. Sumaku haitoshi, maana kuna aina za bei ndogo nazo hazishikwi na sumaku na zikikutana na chumvi zinaota madoa. Na sinki la saruji la kujengewa na fundi mwashi, likasuguliwa vizuri, ni imara sana. Walioliacha wameliacha kwa sababu ya kuonyeshana tu.

Kufunga je? Chini ya sinki lazima kuwe na sifo, lile bomba lililopinda ambalo linabakiza maji kidogo tumboni mwake. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wa shimoni wasipande jikoni. Fundi akikuambia bomba la moja kwa moja linatosha, mshukuru umwache aende. Bomba la kutolea la jikoni liwe la milimita 40, lile la 32 ni la kunawia mikono. Literemke kama sentimita mbili kwa kila mita. Kabla ya kumlipa fundi, ziba sinki, lijaze mpaka juu, fungua kizibo maji yote yashuke kwa nguvu, na upitishe karatasi kavu kwenye kila kiungio. Weka pia kifungio cha maji chini ya sinki, usilazimike kufunga nyumba nzima kwa ajili ya robine moja.

Hiyo robine ina habari yake. Regideso ikikata maji, watu wanaiacha wazi "ili tujue yakirudi". Yanarudi saa nane usiku, kizibo kipo, na asubuhi magodoro yanaelea. Ifunge. Weka pipa lenye mfuniko na robine yake juu ya kinara kando ya sinki, lijaze yanapokuja, na bidoni mbili za akiba. Kumbuka Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudd moja, maji yasiyofika hata lita moja, nasi tunasuuza kikombe kimoja kwa ndoo.

Dada zangu nanyi, nepi za mtoto zisioshwe pale panapooshwa sahani. Na vijana, miguu ya udhu haipandi kwenye sinki la jikoni!

Mwisho nawageukia ndugu zetu wa kamati za misikiti. Maji ya udhu wa watu mia mbili ni mengi kuliko ya jikoni kumi. Ijumaa hii baada ya swala, kabla hamjakaa kikao cha rangi ya ukuta na zulia jipya, zungukeni nyuma ya msikiti mfuate bomba la maji mpaka mwisho wake, mwone yanatokea mlangoni kwa nani.

Wabillahi tawfiq.